Kama Wokovu Ni wa Bure, Mbona Tunatumiwa Nambari ya Tili?

Kama ulisoma shule ya upili hapa Kenya na ukaingia CU hata siku moja, hii sentensi unaijua. Unasimama, unakohoa kidogo, unasema: Bwana asifiwe, kwa majina naitwa fulani, nimeokoka na nampenda Yesu kama Bwana na mwokozi wa maisha yangu. Watu wanasema amina, unaketi. Tumeimeza vile tulimeza wimbo wa taifa.

Sasa mshike msee yeyote aliyeisema jana, umuulize maswali mawili. Umeokoka kutoka kwa nini? Na nani alilipa? Wengi wataanza kuangalia simu.

Hapo ndipo naona shida yetu. Sentensi imebaki, mafundisho yameondoka. Na pale mafundisho yalipotoka, mtu mwingine ameingia na bei yake.

Mimi ni wa Subukia, huku barabara ya Nakuru kwenda Nyahururu. Huku dini si kitu cha kutafuta, inakupata tu. Juu ya kilima tuna madhabahu ya kitaifa ya Wakatoliki, Kijiji cha Maria Mama wa Mungu. Kila Oktoba mabasi hujaa kutoka kila kona ya nchi, watu wakipanda kwenda kusali na kuteka maji ya chemchemi. Huku chini, kila kituo cha soko kina makanisa ya mabati, na Jumapili kila spika inashindana na jirani yake. Katika hesabu ya watu ya 2019, karibu Mkenya mmoja kati ya watano alisema ni wa makanisa ya kiinjili, na hapo hujahesabu Waprotestanti wengine. Kwa hivyo siongei juu ya kikundi kidogo cha watu wa ajabu. Naongea juu ya mamako, mwalimu wako, dereva wa matatu yako, na pengine wewe.

Haya, hao watu wa injili wanaamini nini hasa? Mwanahistoria mmoja wa Uingereza, David Bebbington, aliandika kitabu mwaka 1989 akasema ukiwachunguza utapata vitu vinne. Biblia, msalaba, kuokoka, na kutumika. Chini ya hivyo vinne kuna msingi ambao tunashiriki na Wakatoliki wa pale kilimani, tangu Mkutano wa Nikea wa mwaka 325 na hata kabla: Mungu mmoja, Baba na Mwana na Roho, Yesu ni Mungu kweli na mtu kweli, alikufa, akafufuka, atarudi. Hapo hatugombani. Tofauti ni mahali tunapoweka uzito.

Tuanze na Biblia. Maana yake si kubeba ile nyeusi ya zipu kwapani. Maana yake ni kwamba hakuna mtu aliye juu yake, hata mwenye maikrofoni. Katika Matendo 17 kuna watu wa Beroya. Mtume Paulo mwenyewe aliwahubiria, na walichofanya ni kurudi kwa Maandiko kila siku kukagua kama anasema kweli. Paulo! Na hawakuambiwa wameguse mtiwa mafuta wa Bwana. Walisifiwa. Leo ukiuliza pasta swali moja tu unaambiwa una roho ya uasi.

Msalaba ndio moyo wa mambo yote. Kuna deni, mimi na wewe hatuwezi kulilipa, Yesu akalilipa kwa kifo chake. Lote. Hakulipa dipoziti tumalizie salio kidogo kidogo kila mwezi. Waefeso 2 inasema wazi kwamba tumeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, kama zawadi, ndiyo mtu asipate cha kujivunia. Hii moja ukiitoa, hizo zingine zote zinaanguka.

Kuokoka ni kwamba hiyo zawadi lazima wewe mwenyewe uipokee. Hurithi. Nikodemo katika Yohana 3 alikuwa mtu wa dini, mwalimu, mzee wa heshima zake, na bado Yesu alimwambia lazima azaliwe mara ya pili. Na kutumika ni kinachofuata: ukishapokea huwezi kukaa nayo, unawaambia wengine, unasaidia mgonjwa, unatetea mnyonge. Kinafuata. Hakitangulii.

Nashikilia huu mpangilio kwa sababu nimeona vile mtu huumia ukigeuzwa.

Binamu yangu hufanya kazi saluni huko Nakuru mjini. Alikuwa anaweka pesa anunue mashine yake ya kukausha nywele ili aache kufanyia mtu mwingine kazi. Mama yake, anti yangu, ana ugonjwa wa sukari, na kidonda kikakataa kupona mguuni. Usiku, akiwa amechoka, binamu yangu alikuwa anatazama mhubiri fulani laivu kwa simu. Huyo mhubiri akasema kuna mtu ameshikilia pesa ambazo ndizo zimeziba uponyaji wa mzazi wake. Nambari ya tili ikapita chini ya skrini. Akatuma 7,500. Wiki iliyofuata akaambiwa bado kuna madhabahu ya ukoo inapigana, akatuma 3,000. Anti alikatwa vidole viwili.

Binamu yangu alipopiga simu kuuliza, aliambiwa imani yake ilichanganyika na mashaka.

Pesa iliniuma, sitadanganya. Lakini kilichoniuma zaidi ni vile aliamini hayo maneno. Alikubali kwamba vidole vya mamake vilienda kwa sababu yeye hakuamini vya kutosha. Akaacha kuomba. Siku moja aliniambia kwa sauti ya chini sana, hata hakuwa na hasira: "Mungu hana ubaya na mimi. Ni vile tu mimi sina cha kumpa."

Soma hiyo sentensi tena. Ni kinyume kabisa cha injili, na aliifundishwa na mtu anayejiita mhubiri wa injili.

Kwa sababu imani, kwa Mkristo wa kiinjili, haipimwi kwa kilo. Yesu alizungumza juu ya mbegu, ndiyo, lakini alisema imani ndogo kama punje ya haradali inatosha. Katika Marko 9 kuna baba aliyeleta mtoto wake mgonjwa, akakiri mbele ya kila mtu kwamba anaamini na bado ana kutoamini ndani yake. Mtoto akaponywa. Na Paulo, katika 2 Wakorintho 12, aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe na haukuondolewa. Hakuna mahali aliambiwa imani yake imechanganyika. Aliambiwa neema inamtosha. Naamini Mungu huponya. Siamini anauza.

Na huu mchezo si mpya. Matendo 8, Simoni mchawi wa Samaria aliona mitume wakiwawekea watu mikono, akatoa pesa ili auziwe hiyo nguvu. Petro alimkemea vikali, yeye na pesa zake. Karne nyingi baadaye, Ujerumani, padri mmoja aitwaye Johann Tetzel alikuwa anazunguka akiuza vyeti vya kupunguziwa adhabu ya dhambi, pesa zikisaidia kujenga kanisa la Mtakatifu Petro kule Roma. Ni biashara hiyo ilimkasirisha Martin Luther akaandika hoja zake 95 mwaka 1517. Uprotestanti ulianzia hapo.

Sasa ona vile historia inaweza kucheka mtu. Wakatoliki wenyewe waliipiga marufuku hiyo biashara. Papa Pius wa Tano aliifuta mwaka 1567. Leo ukipanda pale kilimani Subukia unateka maji ya chemchemi na mtungi wako. Ni sisi wajukuu wa Luther ndio tunauziwa maji kwa chupa, mafuta kwa chupa, kitambaa kimeombewa, na maombi ya "haraka" yana bei yake.

Mtu atasema, pesa ni pesa tu, zitarudi. Basi fikiria Shakahola. Aprili 2023, kule Kilifi, polisi walianza kufukua makaburi msituni. Miili ilipita 400, wakiwemo watoto wengi. Wafuasi wa Paul Mackenzie walikuwa wameambiwa wafunge mpaka wafe ili wakutane na Yesu. Tuliongea sana juu ya sheria, juu ya leseni za makanisa, na serikali ikaunda jopokazi. Sawa. Lakini uliza hilo fundisho lilikuwa linasema nini: kwamba kifo cha Yesu hakikutosha kukufikisha, lazima uongeze na chako. Na cha mtoto wako. Tofauti ya 3,000 kwa tili na msitu wa Shakahola ni kubwa sana, najua, na sisemi kila anayeomba mbegu ni Mackenzie. Nasema mlango wanaoingilia ni mmoja. Ni pale unapokubali kwamba msalaba una salio.

Ndiyo maana nikisikia vijana wenzangu wakisema mafundisho ya msingi ni ya wazee na yanaboesha, nashangaa. Hao wazee mnajua walifanya nini nayo? Uamsho wa Afrika Mashariki ulianza kuwaka miaka ya 1930 kutoka Gahini, Rwanda, ukapita Uganda mpaka ukafika Kenya. Ndio waliotuletea hii lugha yote ya kuokoka na kushuhudia. Miaka ya 1950, wakati wa Mau Mau, wengi wao katika nchi ya Wakikuyu walikataa kula kiapo. Walisema damu ya Yesu inawatosha, hawawezi kuongeza nyingine. Wengine waliuawa kwa hilo. Na wengi wao pia walikataa kubeba bunduki za mkoloni dhidi ya majirani zao. Uganda, mwaka 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya Idi Amin, na rafiki yake Askofu Festo Kivengere akalazimika kutoroka. Akiwa uhamishoni akatoa kitabu, kinaitwa I Love Idi Amin. Hakuwa anamtetea Amin. Alisema kama Yesu aliwasamehe waliomsulubisha, yeye hana ruhusa ya kumchukia mtu.

Hao hawakuwa watu wa sentensi ya kukariri. Walijua nani alilipa, ndiyo hakuna mtu angewauzia kitu.

Najua maswali mawili yanakuja. La kwanza: kwani tusitoe sadaka? Toa. Kanisa lina kodi, lina stima, pasta ana watoto. Lakini 2 Wakorintho 9 inasema mtu atoe vile ameamua moyoni, bila huzuni na bila kulazimishwa. Sadaka ni asante. Ikishakuwa ada ya kupata kitu kwa Mungu, hiyo ni risiti.

La pili: kama ni bure, si kila mtu atajifanyia anavyotaka? Paulo aliulizwa hilo zamani, soma Warumi 6. Lakini mimi hupenda zaidi jibu la Zakayo, Luka 19. Yesu alienda nyumbani kwa huyo mtoza ushuru kabla arudishe hata shilingi. Kisha Zakayo, bila kuambiwa, akaahidi nusu ya mali yake kwa maskini na kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Ona pesa zilienda wapi. Hakuna iliyoingia mfuko wa Yesu.

Kwa hivyo, wewe unayesoma hii saa sita usiku na mtu anakupigia kelele kwa simu kwamba usipotuma ndani ya dakika kumi baraka inapita, nakuomba umpime kwa maswali matatu. Je, ninaweza kukagua anachosema kwa Biblia bila kutishwa? Je, amesema msalaba unatosha, au ameongeza kitu? Je, mtu asiye na kitu mfukoni anaweza kupata hicho anachohubiri? Jibu moja likiwa hapana, zima hiyo simu ulale. Mungu hajakasirika.

Binamu yangu bado hajarudi kanisani na simsukumi. Anti anatembea kwa fimbo, dawa anameza, kliniki haachi. Juzi binamu aliniuliza kama kweli mtu anaweza kuomba bila kuwa na cha kupeleka. Nilimwambia hiyo ndiyo njia pekee mtu yeyote amewahi kuomba.