Rubavu: Siku za Mwisho Kabla ya Kuingia Ziwani

Mji wa Rubavu, ambao wazee hata leo huuita Gisenyi, umekaa kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Kivu, mahali Rwanda inapogusana na mji wa Goma nchini Kongo. Mei 2021 mlima Nyiragongo ulilipuka upande wa pili wa mpaka, na mitetemeko iliyofuata ikapasua nyumba na barabara za Rubavu. Tarehe 14 Agosti 2022 mji huo huo ulipokea kwa mara ya kwanza mashindano ya triathloni yaitwayo Ironman 70.3: kuogelea kilomita 1.9, kuendesha baiskeli kilomita 90, kisha kukimbia kilomita 21.1, yote kwa mfululizo.

Asili ya mchezo huu itawapendeza wasomaji walio jeshini. Kisiwani Oahu, Hawaii, yalizuka mabishano juu ya nani mwenye ustahimilivu zaidi kati ya mkimbiaji, mwogeleaji na mwendesha baiskeli. John Collins, afisa wa jeshi la wanamaji la Marekani, alishauri michezo yote mitatu iunganishwe iwe mmoja. Mwaka 1978 watu 15 walianza, wakamaliza 12. Masafa ya Rubavu ni nusu ya yale, na nusu hiyo yatosha kumtoa mtu jasho la damu.

Askari atokaye Uganda kwenda kujaribu kwa mara ya kwanza hufanya vyema kufika siku tatu au nne mapema. Njia ya Kisoro humvusha mpaka pale Cyanika, ikampitisha Musanze chini ya milima ya volkano, kisha ikamteremshia ziwani. Mafunzo huanza mpakani. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Rwanda tangu 2008, basi viatu na nguo vifungwe kwa kitambaa. Saa ya mkononi irudishwe nyuma kwa saa moja. Tena, vyombo vya barabarani hupita mkono wa kulia. Hili la mwisho si dogo hata kidogo: mtu aliyezoea kushoto maisha yake yote, akiwa kwenye mteremko wa kasi na akili imechoka, mwili humrudisha kushoto bila kumwuliza. Kwa hiyo asubuhi ya kwanza aendeshe polepole, aingie na kutoka katika njia panda mara nyingi, mpaka mkono wa kulia uwe mazoea. Njiani atakutana na vijana wanaosukuma baiskeli zilizosheheni magunia ya viazi kupandisha vilima, wala hawangoji kuvishwa nishani.

Lakini jambo linalowanyima wengi usingizi ni maji. Askari wengi wamekimbia tangu siku ya kwanza ya mafunzo, ila kuogelea wamejifunza ukubwani, katika bwawa lenye ukuta wa kushika. Ziwa Kivu halina ukuta. Kina chake chapita meta 450, na umbali mfupi tu kutoka ufukweni miguu haipati tena pa kukanyaga. Halina mamba wala viboko, na hiyo ni faraja. Huko vilindini imo gesi nyingi ya methani na ya kabonidayoksaidi iliyoyeyuka chini ya uzito wa maji; haimgusi mwogeleaji aliye juu. Hewa nzito inayojikusanya mabondeni upande wa Goma, ambayo wenyeji huiita mazuku, ni jambo jingine, nayo hukaa nchi kavu.

Dawa ya hofu hiyo ni kuingia ziwani kila asubuhi kwa muda mfupi, na kamwe si peke yake. Saa hizo wavuvi wa sambaza huwa wanarejea, mitumbwi mitatu mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu. Mgeni achague mti au paa la nyumba ufukweni, kisha ainue kichwa kila baada ya mapigo machache aone kama bado analielekea. Atokaye Mombasa au Dar es Salaam ataona pumzi inakatika upesi, kwa kuwa ziwa lenyewe liko meta 1,460 juu ya usawa wa bahari. Apunguze mwendo bila kuona haya.

Kishawishi kikubwa cha siku hizi ni kujipima nguvu. Mazoezi ya miezi mingi yamekwisha kuingia mwilini, na mbio ndefu ya Ijumaa haimwongezei mtu chochote isipokuwa uchovu wa Jumapili. Jamaa walionyumbani wakipiga simu kuuliza kama amefanya mazoezi, ajibu kwamba amelala. Sambaza za kukaanga ni tamu mno. Azile baada ya mashindano. Kabla yake ashike wali, viazi na ndizi alivyovizoea.

Siku ya mwisho baiskeli hukabidhiwa na kutundikwa katika uwanja wa kubadilishia. Hapo ndipo breki hukaguliwa, mpira wa ndani wa akiba hufungwa chini ya kiti, na mwenye baiskeli hutembea kutoka ufukweni mpaka ilipo, akihesabu safu, ili kesho aipate akiwa na maji machoni. Kwa kawaida muda wa kuogelea ni saa moja na dakika kumi; atakayechelewa huondolewa. Joto la maji hupimwa asubuhi yenyewe, na likizidi nyuzi 24.5 suti ya mpira inayosaidia kuelea hairuhusiwi kwa mshindani wa kawaida. Basi mwenye kuitegemea suti hiyo aingie ziwani bila kuivaa walau mara moja kabla ya Jumapili, wakati bado ana nafasi ya kugeuka na kurudi ufukweni.