Kiwanja Kidogo cha Miyakejima

Msomaji wangu, usikidharau kitu kwa udogo wake kabla hujamjua akingojaye. Neno hili nimefundishwa na kiwanja cha ndege nisichopata kukiona, nacho nilikijua kwa sababu ya swali la mwanafunzi.

Nilikuwa nikisomesha habari za volkano, nikataja kisiwa cha Miyakejima, katika nchi ya Japani, kilicho baharini yapata kilomita 180 kusini ya Tokyo. Mwaka 2000 mlima wake, Oyama, ulilipuka. Watoto wa shule walitangulia kupelekwa Tokyo, wakakaa bwenini mbali na wazazi wao. Mwezi wa Septemba wenyeji wote, zaidi ya watu 3,000, waliamriwa kuondoka. Kiwanja cha ndege kikafungwa, na mlima ukaendelea kutoa gesi ya salfa iletayo madhara mapafuni, mwaka baada ya mwaka.

"Mwalimu," aliuliza mwanafunzi, "kwa nini wasihamie Tokyo kabisa?" Nilimjibu kwa haraka kwamba busara ingekuwa hiyo. Jioni nilisoma zaidi, nikaona haya.

Ruhusa ya kurudi ilipotolewa mwezi wa Februari, 2005, kiwanja kilikuwa kimefungwa bado. Watu wengi hawakuingojea ndege. Walisafiri kwa meli iondokayo Tokyo usiku na kufika kisiwani alfajiri, wakarejea makwao huku wakitakiwa kuchukua vinyago vya kujikinga na gesi. Ndege zilianza kutua tena Aprili, 2008, miaka mitatu baada yao. Basi si ndege iliyowarudisha watu. Ni watu walioirudisha ndege.

Njia ya kurukia katika kiwanja hicho ina urefu wa mita 1,200 tu. Mtembeaji huimaliza kwa robo saa. Tangu mwaka 2014 ndege ziendazo huko zina viti 19, na hali ya hewa ikichafuka hubaki chini. Mgeni aweza kucheka. Mwenyeji hacheki, kwa maana amepata kuishi bila ya mvumo wake.

Siku ya pili nilisimama darasani nikalisahihisha jibu langu. Wasiorudi siwalaumu, maana gesi ile haikuwa mzaha. Lakini waliorudi walijua jambo nililolisahau mimi: kwao mtu si mahali pasipo taabu, bali ni mahali ambapo taabu yake huvumilika. Nawe, msomaji, ukiulizwa swali kama lile, usifanye haraka kujibu.