Wakaliga, Mtaa wa Sinema na Vyuma Chakavu

Je, mpenzi msomaji, umewahi kutamani kutengeneza sinema ukakata tamaa kwa kuwa mfuko umetoboka? Basi siku ukijaliwa nauli ya basi la Kampala, usitosheke na kuzuru maduka ya mjini. Fika Wakaliga.

Safari yenyewe si ngumu. Ukiondoka Nairobi jioni, utavuka mpaka Busia au Malaba. Kitambulisho cha taifa kinatosha, maana utaratibu huo ulianza mwaka 2014. Utapita Jinja, unakoanzia Mto Nile, na ukishafika Kampala utapanda bodaboda kuelekea upande wa Rubaga.

Usitarajie majumba ya fahari. Wakaliga ni mtaa wa wanyonge. Hapa ndipo Isaac Nabwana, aliyekuwa mfyatuaji matofali, alipoanzisha kampuni yake ya Ramon Film Productions mwaka 2005. Utotoni hakuziona sinema. Alisimuliwa na kaka zake. Alipokwenda kusomea ufundi wa tarakilishi, karo ilimshinda baada ya mwezi mmoja. Yaliyosalia alijifunza mwenyewe.

Vifaa vyake, msomaji, huenda vikakuchekesha. Kamera ilikuwa ndogo, ya kawaida. Tarakilishi alizikusanya kwa vipuri kuukuu. Bunduki ziliundwa na Dauda Bisaso kwa vyuma chakavu. Kitambaa cha kijani cha sokoni kilitundikwa ukutani, mwigizaji akacheza mbele yake, kisha programu ya kuhariri ikaondoa kijani hicho na kuweka picha nyingine mahali pake. Kumbe ndiyo siri ya helikopta kuushambulia mji wa Kampala bila jiwe hata moja kuanguka!

Hivyo ndivyo ilivyopatikana "Who Killed Captain Alex?" mwaka 2010, kwa gharama isiyofika dola 200 za Marekani. Watu wa mbali waliiona kwenye intaneti, na mwaka 2022 kazi za mtaa huu zilifika Kassel, Ujerumani, kwenye maonyesho makubwa ya sanaa yaitwayo documenta.

Lakini lipo jambo la kusikitisha. Nakala asili ya filamu hiyo haipo tena. Tarakilishi ilikuwa imejaa, na ili kupata nafasi ya kazi iliyofuata, ilibidi ya kwanza ifutwe. Kilichosalia ni toleo lenye sauti ya VJ Emmie, anayeeleza na kutania kila kinachotendeka, kama wafanyavyo watafsiri wa vibanda vya video hapa kwetu. Wengi huipenda sauti hiyo. Hata hivyo, filamu bila sauti hiyo hatutaiona kamwe.

Nawe je? Huenda simu iliyo mkononi mwako ina kamera bora kuliko ile aliyoanza nayo Nabwana. Humo mna nyanya akisimulia hadithi, mna harusi ya dada, mna mtoto akipiga hatua ya kwanza. Simu ikijaa, kidole hukimbilia kufuta. Ngoja kidogo! Nakili kwanza mahali pawili tofauti, kimoja kikiharibika kingine kibaki.

Wahenga walisema akiba haiozi. Ya picha huoza, ndugu msomaji, ikiwekwa mahali pamoja tu.