Hesabu ya Penseli Nyuma ya Bwana Msa



Mwaka 2022, wakati kuta za majengo ya sehemu yetu ya Bani Malik hapa Jeddah zilipoandikwa lile neno "ikhlaa", yaani hameni, mimi na mke wangu tulikuwa na maisha ya miaka mingi ya kutia ndani ya maboksi kwa siku chache. Waliowahi kukaa Bani Malik wanajua nasema nini. Vichochoro vile, ukitoka msikitini mpaka bakala umeshasikia lugha tano, na ya sita ni Kiswahili cha jirani anayegombana na simu. Nguo zilipangwa na mke wangu. Vitabu niliachiwa mimi, kwa kuwa yeye anasema ni uchafu wangu.

Humo ndimo nilimokikuta Kisima cha Giningi cha Muhammed Said Abdulla, kilichotoka mwaka 1968. Nakala yangu ni ya tangu skuli, Unguja, jarada limetoka na kurasa za mwisho zimeliwa na mende. Ukurasa mtupu wa nyuma haukuliwa. Umejaa hesabu za penseli kwa mkono wa ami yangu, Mungu amrehemu, aliyefariki mwaka 2003. Kuna jina langu na jina la mama yangu, na pembeni kuna jina la msichana niliyempeleka posa mwaka 1994, pamoja na la mama yake.

Kwa vijana waliozaliwa huku nitaeleza kidogo. Kwetu pwani nyota ya mtu haikutafutwa kwa tarehe ya kuzaliwa, maana wazee wengi hawakuwa nayo. Ilitafutwa kwa abjadi. Kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake: alifu ni 1, bee ni 2, jimu ni 3, dali ni 4, yee ni 10, mimu ni 40, na kadhalika mpaka ghaini ambayo ni 1000. Unajumlisha jina la mtu na jina la mama yake, unatoa kumi na mbili kumi na mbili, na kinachobaki ndiyo nyota: 1 Hamali, 2 Thauri, 3 Jauza, 4 Saratani, 5 Asadi, mpaka Hutu. Nyota zenyewe zinafuatana moto, udongo, upepo, maji, kisha moto tena. Mambo ya kuoana yalikuwa hapo, nani moto na nani maji. Magazeti ya Dar es Salaam yalifuata mtindo wa Kizungu wa tarehe, na ndiyo hayo ya Punda, Mashuke na Ndoo yaliyomfanya marehemu Sheikh Yahya Hussein, aliyefariki Mei 2011, ajulikane nchi nzima. Ami yangu aliyadharau. Alikuwa akisema tarehe inaweza kukosewa na karani, lakini mama hakosewi.

Najua wapo watakaonambia kwamba haya hayafai hata kutajwa na dini imeshayakataza. Nakubali. Kwa miaka yote niliyokaa Saudia sijapata kuyasema hadharani, na hapa siyasemi kwa kuyapigia debe.

Siku ile nilikaa juu ya boksi nikaanza kuchezea hesabu, ndiyo tabia ya mhandisi. Nilianza na mwandishi mwenyewe. Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi tarehe 25 Aprili 1918, na alipompa mpelelezi wake jina alimpa herufi zake mwenyewe, M, S na A: Bwana Msa. Kwa tarehe yake, magazeti ya Dar yangemwita Ng'ombe, yaani Thauri. Nikachukua herufi tatu za mwanzo wa majina yake kwa Kiarabu, mimu 40, sini 60, na aini ya Abdulla 70. Jumla 170. Toa 168, inabaki 2. Thauri! Nakiri nywele zilinisimama kidogo. Kisha nikaandika "Msa" kama mtoto wa chuoni angeliandika, kwa alifu mwishoni: 40, 60 na 1, jumla 101, inabaki 5. Asadi. Nikajaribu Musa kamili kwa tahajia ya msahafu, ikatoka 116, inabaki 8, Akarabu. Mtu mmoja, nyota tatu, na ile ya kwanza niliifurahia kwa sababu mimi mwenyewe ndiye niliyezichagua herufi. Yule Najum, mwenzake Bwana Msa ambaye jina lake lenyewe ni la nyota, akiandikwa bila wau anatoka Kausi, akiandikwa kwa wau anatoka Jauza, yaani Mapacha. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kuwa pacha wa mwenziwe, hapo ami angesema, "Si nilikwambia?"

Mambo haya nilikwisha kuyaona Pune, India, nilikosomea uhandisi. Mabwenini tulikuwa na vijana waliokuwa wakitatua milinganyo ya mtetemo wa madaraja, na likizo wakirudi kwao wazee wanakutanisha karatasi zao za nyota na za wachumba. Wanyama wao ni walewale, kondoo dume, fahali, mapacha, kaa. Lakini wao wanahesabu kwa nyota zenyewe zilipo angani, na Wazungu wanahesabu kutoka siku ya mlingano ya Machi. Mhimili wa dunia unayumba kama pia, mzunguko mmoja kwa takriban miaka 26,000, kiasi cha nyuzi moja kila miaka 72, na tofauti ya hesabu hizi mbili imeshafika kama nyuzi 24. Kwa hiyo jua la tarehe 25 Aprili, ambalo Dar es Salaam ni Ng'ombe, Pune bado ni Kondoo. Nilimwandikia ami barua kumweleza hilo nikiwa mwaka wa pili. Alinijibu kwa mstari mmoja, kuwa ndiyo maana tunatumia majina.

Hadithi zinazopendwa, hata hivyo, haziwezi kuachana na mambo haya. Watoto wangu walipokuwa wadogo walikuwa wakiangalia katuni ya Kijapani, Saint Seiya, iliyotokana na michoro aliyoianza Masami Kurumada mwaka 1986. Kuna nyumba kumi na mbili na mashujaa kumi na wawili wa deraya za dhahabu, kila mmoja na nyota yake. Deraya ya Mshale inamwangukia shujaa mkuu, na mchoraji mwenyewe alizaliwa Desemba, naye ni Mshale. Ukishajua hilo huwezi tena kuiangalia bila kucheka. George Lucas wa Star Wars, filamu ya 1977, alisema waziwazi kwamba alisoma kitabu cha Joseph Campbell cha 1949 juu ya shujaa mwenye nyuso elfu, kijana anayetoka kwao, anapata mzee wa kumwongoza, anashuka shimoni, anarudi.

Sisi Fumo Liyongo tunaye, na nadhani tunamwonea haya bure. Mtu asiyepenya chuma mwilini, ila sindano ya shaba kitovuni, na mwenye kuijua siri hiyo akawa mwanawe wa kumzaa, aliyeahidiwa kuozeshwa Pate. Wagiriki wana Achilles na kisigino chake, Waajemi wana Isfandiyar na macho yake. Wote hawadhuriki, na wote wana tundu moja. Tofauti ni kwamba Liyongo anauawa na mwanawe, tena usingizini, na hata maiti yake imepiga goti kisimani na upinde mkononi watu wanaogopa kuteka maji mpaka mama yake anakuja kumbembeleza. Sijaona mahali pengine mama anapewa kazi hiyo.

Na Giningi ni hivyohivyo. Kwetu jina hilo halihitaji maelezo, ni baraza la wachawi, na Said Ahmed Mohamed naye aliliweka katika tamthilia yake Kivuli Kinaishi ya mwaka 1990, akaligeuza kuwa utawala. Muhammed Said Abdulla alilichukua jina la kutisha akalipa kitabu cha upelelezi. Alifanya vivyo hivyo katika Mzimu wa Watu wa Kale, kilichoshinda shindano la East African Literature Bureau la 1957/58 na kuchapishwa 1960. Mtu anakutwa amekufa penye mzimu, watu wanatetemeka, na Bwana Msa na kiko chake anatafuta mkono wa binadamu. Kiko hicho ni cha Sherlock Holmes, hilo kila mtu analijua. Lisilotajwa sana ni kwamba aliyemuumba Holmes, Arthur Conan Doyle, aliamini mizimu maisha yake ya mwisho, na mwaka 1922 alitoa kitabu kizima kuthibitisha kwamba picha za wasichana wawili wa Cottingley ni picha za vijimalaika vya kweli. Picha zilikuwa za karatasi iliyokatwa. Aliyembuni mtu asiyedanganyika akadanganywa na watoto.

Basi nirudi kwenye ukurasa wa nyuma.

Mwaka 1994 niliambiwa kwamba mimi ni Asadi, moto, na yule msichana ni Saratani, maji. Posa ikarudishwa. Mama yake alikuwa shoga wa mama yangu tangu utoto wao, walikuwa wakikopeshana sukari na dhahabu za harusi. Baada ya hapo hawakusemeshana tena. Mama yangu alifariki 2016, na katika waliokuja msibani yule bibi hakuwemo. Mimi baada ya mwaka nilimwoa mtoto wa mama mdogo, ambaye mama alimtaka tangu mwanzo, nikaja naye huku. Ndiye mama wa watoto wangu na sina la kulalamika, sitaki msomaji anielewe vingine.

Nilijumlisha upya juu ya boksi lile. Hesabu yangu mimi iko sawa, inabaki 5. Ya msichana jina lake linaishia kwa taa marbuta, ile tee ya mviringo. Wengine huihesabu kama hee, 5, wengine kama tee, 400. Chukueni jina Fatma peke yake, kwa mfano, likiandikwa kwa alifu yake: kwa hee linatoka 135, linabaki 3, upepo, kwa tee linatoka 530, linabaki 2, udongo. Herufi moja inamhamisha mtu nyota nzima. Jina la mama yangu nalo linaishia hivyohivyo, na hapo ami alitia 5. Kwa msichana alitia 400. Angetia 5, angetoka Asadi, moto kama mimi.

Nilimtetea ami kwa muda. Jina la msichana linafuatwa na "binti", ukiliunganisha tee inatamkwa. Jina la mama liko mwisho wa mstari, ukisimama inakuwa hee. Huenda hiyo ilikuwa kanuni yake. Kisha nikapeleka karatasi dirishani. Chini ya ile 400 pana duara dogo lililofutwa kwa raba, na wanaosoma tarakimu za Kiarabu wanajua kwamba duara ni 5.

Nilikaa nalo siku mbili. Nilifikiri kama Bwana Msa: nani alikuwa chumbani, nani alitaka jibu gani, ami alikuwa akimwogopa nani. Niliona hata kwamba hesabu hii haimwezi Bwana Msa mwenyewe, maana kwa nijuavyo mwandishi hakumpa mama.

Siku ya tatu, lori limeshakuja, nilimwonyesha mke wangu. Yeye alisoma hesabu chuoni Unguja kabla sijamwoa, tarakimu za Kiarabu hazimpigi chenga. Aliligeuza kwenye mwanga kama nilivyofanya mimi, akaligusa lile duara kwa kidole. Nikamweleza taa marbuta, nikamweleza 5 na 400, nikamweleza yote niliyokwisha kuwaeleza hapa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwaka 1994 ulikuwa umesharudi Pune na shahada yako," alisema. "Na kitabu ni chako. Mbona hukujumlisha?"

Kisha akakitia kwenye boksi la vyombo, katikati ya sahani, kwa kuwa maboksi ya vitabu yalikuwa yameshafungwa.