Meli Iliyokwenda Kumtafuta Mwenziwe

Mtu akaaye Sumbawanga, juu huku kwenye baridi ya Ufipa, hadhani kwamba vita vya manowari vilipata kumhusu. Bahari iko mbali mno. Lakini ukipita Matai, ukashuka hadi Kasanga kwenye migebuka, utayakuta magofu ya boma la Wajerumani, ambao walipaita mahali hapo Bismarckburg. Vita Kuu ya Kwanza ilifika hapo kwa njia ya maji.

Mwaka 1970 nilirudi nyumbani likizo kutoka chuo cha ualimu, nikiwa na daftari jipya. Mkufunzi wetu alikuwa ametuagiza tukawahoji wazee. Babu akanieleza kwamba yeye na mdogo wake walichukuliwa na Wajerumani kwenda kukata kuni za meli pale Kasanga. Yeye alibaki na shoka lake. Mdogo wake akapakiwa melini kuchochea moto. "Siku moja meli ile," akasema, "ilivuka upande wa Kongo kumtafuta mwenziwe aliyepotea. Nayo haikurudi."

Nikamwuliza, "Mwaka gani huo, Babu?" Akanitazama tu. Nikamwuliza jina la meli, hakulijua. Meli kumtafuta mwenziwe, kama mbuzi! Nikaona hiyo ni hadithi ya jioni, si historia, nikafunga daftari.

Historia niliyoijua mimi ilikuwa ya vitabuni, nami niliifundisha hiyo kwa miaka mingi, tena kwa mbwembwe. Niliwaeleza wanafunzi jinsi Waingereza walivyoleta mashua mbili za injini, Mimi na Toutou, mwaka 1915: kwa meli hadi Cape Town, kwa reli hadi Katanga, kisha zikakokotwa na mitambo ya mvuke na maksai kuvuka milima ya Mitumba, mpaka zikafika ziwani karibu na mji uitwao leo Kalemie. Niliwaeleza habari za Graf von Götzen, iliyojengwa Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande na kutiwa katika makasha yapata 5,000, ikaungwa upya Kigoma na kupewa mzinga wa manowari Königsberg iliyoangamia Rufiji. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916, mashine zake wakiwa wamezipaka grisi. Ikaja kuopolewa, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Wengi wetu wa Rukwa tumeipanda pamoja na magunia yetu.

Kisa kilichowachekesha wanafunzi ni cha Spicer-Simson, kamanda wa Waingereza. Juni 1916 alifika mbele ya Kasanga, akaliona boma, akageuza. Wajerumani wakatoroka usiku kwa mashua. Kwa mtu aliyevuka milima na mashua zake, sijui aliogopa nini.

Nilikwisha kuwa mwalimu mkuu siku niliposoma ukurasa mmoja kwa makini zaidi ya nilivyozoea. Tarehe 26 Desemba 1915 meli ndogo ya Wajerumani, Kingani, ilitekwa na Waingereza. Wenzao wa Kigoma hawakujua imepatwa na nini. Ndipo Hedwig von Wissmann ikatumwa upande wa Kongo kupeleleza. Tarehe 9 Februari 1916 ikakutana na Mimi, pamoja na Kingani yenyewe, iliyokwisha kupewa bendera nyingine na jina la Fifi. Makombora yakaipiga Hedwig kwenye mashine, ikazama.

Nikaweka kitabu mezani. Babu alikuwa ameniambia yote hayo, isipokuwa tarehe.

Siwezi kuapa kwamba mdogo wake alikuwamo. Meli zilizotumia kuni zilikuwa zaidi ya moja. Lakini najua wachochea moto walikaa chini, penye joto, kwenye mashine hizo hizo zilizopigwa. Makamanda nawajua kwa majina: Zimmer wa Kigoma, Odebrecht wa Hedwig, Spicer-Simson. Niliyaandika ubaoni kila mwaka, wanafunzi wakayanakili.

Jina la mdogo wake Babu alilitaja siku ile, nadhani mara mbili. Sikuliandika. Babu alifariki mwaka 1974. Shangazi yangu mkubwa, ambaye pengine alilijua, alifariki mwaka 1988, wiki ya mitihani, nami nilikuwa sijapata kumwuliza.