Yaya na Lile Swali la Chuo Kikuu

Mwezi uliopita mhariri aliniomba niandike kuhusu masomo ya juu, kwa sababu vijana wanaomaliza sekondari wanauliza sana. Nikamjibu kwamba mimi chuo kikuu sikukanyaga, nina diploma yangu ya Serikali tu na chaki mkononi. Akasema, basi andika uliyoyaona kwenu nyumbani. Ndiyo haya.

Kwetu aliyesoma ni Yaya. (Ndugu zetu Watanzania wasicheke, kwetu Congo yaya ni kaka au dada mkubwa, si mlezi wa watoto.) Sisi tulipovuka ziwa yeye alibaki Bukavu kwa baba mdogo mpaka amalize: miaka 3 ya gradua na miaka 2 ya lisansi, somo la Historia. Kisha naye akakimbia, akatukuta hapa. Sasa anafundisha sekondari, mimi msingi, na posho zetu mnazijua.

Miaka yote hiyo tulikuwa tunangoja faili letu la kwenda nchi ya tatu. Januari 2025 Marekani ikasimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na faili letu likalala pamoja na ya wengine wengi hapa kambini. Nyumba ilikuwa kama ya msiba. Ni wakati huo Yaya akasema, mimi nitaomba chuo. Siyo kujifunza tena darasani, bali shahada ya utafiti, katika Historia.

Wifi yangu, mke wa Yaya, aliuliza swali moja: "Na sisi?" Ni swali la haki. Ukienda peke yako, jina lako linatoka kwenye karatasi ya rasheni, na mama anabaki na watoto wanne kwenye nyumba ya udongo. Yaya alikuwa amesoma habari zake: Uingereza, tangu Januari 2024, inakataza wanafunzi wengi wa kigeni kwenda na mke na watoto, lakini walio kwenye shahada za utafiti bado wanaruhusiwa. Ndiyo maana hakuomba masomo mafupi ya darasani. Wifi akasema, "Nitaamini nikiona." Hata hivyo usiku ule ule alitoa kopo la maziwa ya unga alilolificha nyuma ya mitungi. Ndani, kwenye nailoni mbili, kulikuwa na nakala za maksi za Yaya za miaka yote 5. Yeye mwenyewe Yaya alidhani zilipotea njiani!

Basi karatasi. Diploma yenyewe hana, ana atestasheni tu, kwa sababu chuo chake kilichelewa kutoa diploma na vita havikungoja. Wengi hapa mko hivyo. Maksi zake ni 68 kwa mia. Mimi niliona aibu, nikasema kwa 68 nani atakuchukua? Akanicheka. Congo kuanzia 70 ni distinksheni, na ni wachache wanaoifikia. Uingereza nako, 70 ndiyo mwanzo wa daraja la kwanza. Lakini Marekani 68 inaonekana kama ya mwanafunzi mzembe. Kwa hiyo ukituma maksi za kwetu, weka karatasi moja ya kueleza namna zinavyohesabiwa, la sivyo watakuhukumu kwa mizani ya kwao. Na ukitaka kusoma hapahapa Tanzania, vyeti vya sekondari vya nje vinalinganishwa na Baraza la Mitihani, vya chuo kikuu na Tume ya Vyuo Vikuu. Wazazi, msitupe hata buleteni moja.

Ule msaada wa DAFI ambao vijana wanautaja kila siku, ulioanza mwaka 1992 kwa pesa za Ujerumani, kwa kawaida ni wa shahada ya kwanza. Yaya hakuweza kuutegemea.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Wengi tunafikiri kuomba chuo ni kujaza fomu na kungoja. Kwa shahada ya utafiti sivyo. Kwanza unamtafuta profesa anayejua mambo unayotaka kuyachunguza, unamwandikia, na yeye anataka kuona pendekezo: utatafiti nini, kwa njia gani, wengine wameshasema nini. Yaya aliandika kurasa 4 kwa mkono. Mimi nikazichapa kwenye simu usiku, siku tatu, kwa sababu tochi ya sola ilikuwa inazimika. Zilianza na risasi, zikaenda kwenye mtumbwi, zikaenda kwenye njaa ya siku za kwanza, zikaishia na ombi. Mimi nililia nikichapa. Nikasema moyoni, hakuna profesa atakayekataa hii.

Jibu lilikuja baada ya wiki 3, mistari mitano hivi. Profesa alitoa pole. Kisha akasema hajaona swali.

Jamani, Yaya alikasirika! Siku mbili hakusema na mtu. Ati wanataka nini, wanataka damu? Siku ya tatu nilimkuta amekaa nje, nikamuuliza vile ninavyowauliza watoto wangu wa darasa la sita wakiandika insha.

"Yaya, humu ndani ni kitu gani ambacho wewe mwenyewe hukijui?"

"Yote nayajua. Nimeyaishi."

"Basi unakwenda kutafiti nini?"

Akaniambia nina kichwa kigumu kama cha mama. Lakini hakukataa.

Swali lilikuja kwenye mstari wa rasheni, mahali ambapo sisi sote tunapoteza siku zetu. Mzee mmoja wa Fizi, mnamfahamu wengi, alikuwa analalamika kama kawaida yake: "Sisi mwaka 1964 tulivuka ziwa hili hili. Mstari hatukupanga. Tulifikia kwa ndugu zetu upande wa Kigoma, tukapewa shamba, tukalima." Maneno hayo tumeyasikia mara mia. Mwaka 1964 ndiyo ile vita ya Simba, kila Mbembe ana babu wa kuisimulia, na mwaka 1965 hata Che Guevara alikuja katika milima yetu ya Fizi. Lakini siku hiyo Yaya alinigeukia na mfuko wake wa unga begani, akasema: "Wao hawakuwekwa kambini. Sisi wa 1996 tukawekwa. Kwa nini?"

Nikasema, unajua jibu? Akasema, hapana. Nikasema, ndilo hilo basi.

Nataka niseme kidogo jinsi alivyolifanyia kazi, maana hapo ndipo nilipoelewa maana ya neno utafiti. Majibu mepesi yalikuwepo. Sheria ya wakimbizi ya Tanzania ilibadilika mwaka 1998, hiyo inajulikana. Lakini watu wa 1996 walikuwa kambini kabla ya sheria hiyo, kwa hiyo sheria peke yake haitoshi kueleza. Je, ni kwa sababu ya wingi? Au ni kwa sababu ya Wanyarwanda na Warundi waliojaa magharibi ya Tanzania mwaka 1994? Au wale wa 1964 walikuwa na ukoo na lugha ng'ambo ya ziwa, na sisi tukafika tukiwa hatuna mtu tena? Kila jibu linataka ushahidi wake. Nyaraka za serikali zitasema moja, wazee watasema lingine.

Nikamuuliza, wazee hawana karatasi, profesa atakubali mdomo? Akaniambia habari za Jan Vansina, Mbelgiji aliyefanya kazi kwa Wakuba wa Kasai, ambaye mwaka 1961 alitoa kitabu kwa Kifaransa kuonyesha kwamba masimulizi ya mdomo yanaweza kuwa ushahidi wa historia, ukiyapima vizuri: nani alisimulia, alisikia kwa nani, ana faida gani kusema hivyo. Yaya aliyasoma hayo Bukavu. Hakuwahi kufikiri yatamfaa kwenye mstari wa rasheni.

Halafu alipata vitabu viwili kwenye simu, vya Kiingereza. Kimoja ni cha Liisa Malkki, cha mwaka 1995. Mama huyo alikaa Mishamo mwaka 1985 na 1986 na Warundi waliokimbia mauaji ya 1972, akawauliza wanavyoikumbuka historia yao. Kingine ni cha Simon Turner, cha mwaka 2010, kuhusu kambi ya Lukole, Ngara. Yaya alivisifu, hasa cha Malkki. Lakini usiku mmoja aliniambia kwa sauti ya chini: "Humu sisi tunaulizwa tu. Hakuna hata mmoja wetu anayeuliza." Nadhani hiyo ndiyo iliyomsukuma kuliko pesa, kuliko hata safari.

Pendekezo la pili lilikuwa maneno 1,000. Machozi yalibaki sentensi moja. Profesa akajibu siku ya pili na maswali kumi na mawili, Yaya akafurahi kama mtoto aliyepewa mpira!

Mengine nipite haraka. Pesa ya kuomba nafasi ilikuwa karibu posho ya mwezi. Alimwandikia mtu wa ofisi ya wanafunzi akaeleza hali yake, wakamsamehe. Vijana, ulizeni, vyuo vingine vinasamehe. Mtihani wa Kiingereza wa kawaida ungemtaka aende Dar es Salaam, na ninyi mnajua mambo ya kibali cha kutoka. Chuo kikakubali mtihani wa mtandaoni. Aliufanya saa kumi za alfajiri, kwa sababu ndipo mtandao unapumua, na mimi nilikaa mlangoni kuzuia kuku.

Jibu la mwisho lilikuja Septemba. Nafasi amepewa. Ufadhili hakuna. Wamemwekea nafasi mwaka mmoja ili atafute pesa, na diploma yenyewe ipatikane. Mimi sijui tuite ni kupita au kuanguka. Wifi anasema ni kupita, na barua ameichapisha na kuiweka kwenye kopo la maziwa. Yaya hasemi. Anaandika barua za kuomba ufadhili, tatu kwa mwezi, na mpaka leo zilizojibiwa ni mbili, zote hapana.

Yule mzee wa Fizi alifariki mwezi wa Novemba. Yaya alikuwa amejaza daftari moja na nusu za maneno yake. Alikuwa bado hajamuuliza kuhusu shamba, nani hasa aliyempa, na kwa masharti gani.

Utafiti wa kweli hapa Tanzania unahitaji kibali cha COSTECH, na kufanya kazi kambini ni kibali kingine. Kwa hiyo anachofanya sasa kisiitwe utafiti, ni kumsikiliza babu. Wazee mliovuka ziwa mwaka 1964 au miaka iliyofuata, au mlio na mama na baba waliovuka, Yaya anakaa nyuma ya shule yetu kila Jumamosi baada ya saa nane, chini ya mwembe. Anaandika kwa Kiswahili na Kibembe. Aje na kiti chake, maana vya shule havitoshi.