Nyama ya Mama

Siku ile ya Januari niliyosafiri kwenda Edinburgh kusoma, mama alinifungia nyama kavu ya mbuzi katika kitambaa cheupe. Mbuzi huyo ndiye aliyesalia. Wenzake walikwisha kuuzwa kwa ajili ya nauli yangu.

Uwanjani Uingereza bwana forodha akaniambia, tena kwa upole, kwamba nyama itokayo nchi kama zetu ni marufuku kuingizwa. Akaitia pipani. Kitambaa nilikiomba, akanipa.

Nikafika Edinburgh saa kumi na moja jioni, giza limekwisha tanda, baridi inauma masikio. Mama akauliza kwa simu, “Mwanangu, nyama umekula?”

“Nimekula, mama. Tamu sana.”

Huu ni mwaka wa pili sijamwambia. Naye husoma gazeti hili kila Jumapili baada ya Misa.